Katuni na Marafiki wa Zamani Bagamoyo: Uani kwa Projekta, Sebuleni kwa TV, au Kuvuka Unguja?

Mliosoma pamoja mmekubaliana kukutana Bagamoyo, na kwenye kundi la WhatsApp mmoja ametoa wazo la kutazama katuni: zile za utotoni pamoja na mpya ambazo hamjaziona. Papo hapo kundi limegawanyika. Mmoja anataka tamasha la kweli, mvuke Unguja mkakae Ngome Kongwe. Mwingine ana ukuta mweupe uani kwake Dunda. Wa tatu ana TV ya inchi 55 na haelewi mnahangaika nini.

Wote wana hoja. Watu wengi hulinganisha njia hizi kwa ukubwa wa picha, na hapo ndipo wanapokosea. Jiulizeni kwanza mko wangapi, halafu mnataka kupiga soga kiasi gani. Kwenye ukumbi wa tamasha mtanyamaza filamu nzima, na watu walioachana miaka kumi hawanyamazi kirahisi.

Tuondoe utata mmoja mapema. Tamasha la Bagamoyo linaloandaliwa na TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), lililoanza 1982, ni la ngoma, muziki, maigizo na sarakasi. Anayekuja wiki hiyo akitegemea katuni ataondoka ameshiba ngoma. Hata hivyo ni wiki nzuri ya kukutania: mchana mnakwenda uwanjani, na usiku mmoja mnajiwekea katuni zenu. Tatizo ni kwamba wiki hiyo vyumba vya wageni hujaa na spika za kukodi huwahiwa, kwa hiyo kila kitu kishikwe mapema.

Kuvuka Unguja

Tamasha la Kimataifa la Filamu Zanzibar, ZIFF, lilianzishwa 1997, na Ngome Kongwe pale Forodhani ndiyo nyumba yake inayojulikana zaidi. Tarehe huhamahama, miaka ya karibuni limekuwa likiangukia kati ya Juni na Agosti. Ni tamasha la filamu za kila aina, kwa hiyo katuni ni sehemu tu ya ratiba, tena mara nyingi ni filamu fupi zilizochanganywa na nyingine. Msikate tiketi ya boti kabla ratiba ya maonyesho haijatoka, la sivyo mtafika siku ambayo hakuna katuni hata moja.

Safari yenyewe inakula siku. Bagamoyo hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 65, lakini foleni ya kuingia mjini ndiyo inayoamua muda. Tengeni saa mbili na nusu kutoka stendi ya Bagamoyo hadi bandarini. Boti ya mwendo kasi huchukua karibu saa mbili. Kila mtu awe na kitambulisho, na tiketi zikatwe kwa majina yaliyoandikwa vilevile yalivyo kwenye kitambulisho. Juni hadi Agosti kusi huvuma na bahari huchafuka, hivyo anayeumwa na bahari ameze dawa yake nusu saa kabla ya kupanda, maana ikishaanza kichefuchefu haimsaidii sana. Na msishawishike na jahazi la mizigo kwa sababu tu linaondokea Bagamoyo. Halina vifaa vya kuokolea vya kuwatosha abiria, na safari yake inategemea upepo.

Maonyesho ya usiku huisha baada ya boti ya mwisho, kwa hiyo hesabuni kulala angalau usiku mmoja, tena katika msimu ambao Mji Mkongwe una watalii wengi na bei za vyumba ziko juu. Ngazi za kukalia za Ngome Kongwe ni za mawe. Bebeni mito midogo au kanga zilizokunjwa mara nne, na kitu cha kujifunika, maana upepo wa usiku wa Julai hauna mzaha.

Mnachopata kwa gharama hiyo yote ni filamu ambazo hamtazipata kwingine, na mara nyingi mtengenezaji wake yupo palepale kujibu maswali baada ya onyesho. Kwa kundi la watu wanne hadi sita wanaopenda filamu kwelikweli, inafaa. Kwa kundi la watu 15, wengine wakiwa na watoto, mtatumia muda mwingi kutafutana kuliko kutazama.

Uani kwa projekta

Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa watu kuanzia 10 hadi 30. Ndiyo pia yenye mambo mengi ya kuharibika, kwa hiyo tutakaa hapa zaidi.

Anzeni na mwanga wa projekta. Namba ya kuangalia ni lumeni za ANSI, yaani mwanga uliopimwa kwa kiwango rasmi. Vile vidude vya bei rahisi huandikwa namba za kutisha kwenye boksi, lumeni 9000 na kuendelea, kumbe mwanga wake wa kweli haufiki hata 300. Projekta ya kawaida ya ofisini, lumeni 3000 za ANSI, inaweza kutoa picha ya upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 1.35 ikang'aa vizuri uani usiku. Kama mmebaki na ile ndogo, msilazimishe ukubwa. Punguzeni upana hadi mita 1.5. Mwanga uleule ukikusanywa kwenye eneo dogo, picha inang'aa zaidi ya mara mbili. Katuni zenye mandhari ya usiku ndizo huumbuka kwanza mwanga ukiwa hafifu: rangi za bluu iliyoiva na zambarau hugeuka tope, na mnyama aliyechorwa gizani hupotea kabisa.

Projekta nyingi za ofisini huhitaji umbali wa karibu mara moja na nusu ya upana wa picha. Kwa picha ya mita 2.4, iwekeni mita 3.6 kutoka kwenye skrini. Iwe katikati na sambamba na ukuta. Ikiwekwa pembeni, picha itapinda, na mtu atakimbilia kitufe cha kunyoosha picha kwenye rimoti. Kwenye filamu ya kawaida huenda msione madhara yake. Kwenye katuni mtaona, kwa sababu mistari iliyochorwa safi hupata vimeno kama vya msumeno. Hamisheni meza badala ya kunyoosha kwa kitufe.

Kuhusu mbalamwezi, watu huiogopa bure. Hata mwezi mpevu mwanga wake ni mdogo mno mbele ya projekta ya lumeni 3000. Adui ni taa ya jirani. Balbu moja ya LED kwenye kibaraza cha nyumba ya pili huifubaza picha kuliko mwezi wote. Nendeni mkazungumze naye mapema, kwa heshima, na mumkaribishe.

Bagamoyo jua huzama kati ya saa 12:15 na 12:50 jioni kutegemea mwezi wa mwaka, na giza la kutosha huingia kama nusu saa baadaye. Lakini msianze hapo. Kati ya magharibi na isha muda ni mfupi, mtaanza filamu kisha muikate katikati kwa ajili ya adhana. Anzeni saa 2 usiku, baada ya isha. Muda wa kabla ya hapo utumike kujaribu vifaa na kula.

Ukuta laini uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa ndio skrini bora. Kuta za zamani za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zilizopigwa chokaa zinavutia kwa macho, lakini mikwaruzo yake hutoa vivuli kwenye nyuso za wahusika. Kama ukuta hauna sifa hiyo, tumieni marekani iliyopigwa pasi, na nyuma yake mtundike kaniki. Shuka tupu huvujisha mwanga upande wa pili, na hiyo kaniki ndiyo inayoziba. Mikunjo ni mibaya kuliko madoa: mhusika akipita kwenye mkunjo, uso wake unavunjika.

Julai na Agosti shida ni kusi. Kitambaa kilichofungwa juu tu kitajaa upepo kama tanga, na picha itapumua ndani na nje filamu nzima hadi watu waumwe kichwa. Tengenezeni fremu ya mirunda minne, fungeni kitambaa pande zote kwa kamba kila sentimita 40, na nyumba iwe kati ya bahari na skrini. Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1.2 kutoka ardhini kama watu wamekaa kwenye viti vya plastiki, au sentimita 80 kama wote wako kwenye mikeka. Mpango unaofanya kazi ni watoto mikekani mbele, kuanzia mita tatu na nusu kutoka kwenye skrini, viti nyuma yao, na wenye maneno mengi mwisho kabisa karibu na jiko.

Sauti ndiyo inayowashinda wengi. Spika ya ndani ya projekta haisikiki zaidi ya mstari wa pili. Sabufa ya nyumbani inatosha kwa watu 20, ila iunganishwe kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, na midomo ya wahusika hutembea kabla ya maneno. Spika za pembeni zikae kulia na kushoto kwa skrini, kamwe zisiwe nyuma ya watazamaji, na besi ipunguzwe. Besi ndiyo inayopenya kuta za majirani, wakati maneno mnayotaka kuyasikia yako juu zaidi. Mkisikia mngurumo wa umeme kwenye spika, chomekeni laptopu na spika kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi unaisha.

Umeme sasa. Projekta ya taa hula wati 250 hadi 300, laptopu 65, spika 50 hadi 100. Kwa saa tatu hamtamaliza hata uniti moja na nusu za LUKU, kwa hiyo gharama si hoja. Hoja ni ukikatika. Betri ya volti 12 na Ah 100 yenye inveta, ikitumika nusu tu ili isife mapema, huwapa kama saa moja na robo kwa vifaa hivyo. Projekta ya LED inayokula wati 100 inaweza kumaliza filamu nzima kwa betri hiyo hiyo. Kijenereta kidogo cha petroli kina nguvu za kutosha, lakini volti zake huyumba na kelele zake ni balaa. Kama ni lazima, kiwe mita 25 nyuma ya ukuta, na projekta ipitie stabilaiza. Umeme ukikatika ghafla, feni ya projekta husimama wakati taa bado ni ya moto. Msiiwashe umeme ukirudi papo hapo. Ngojeni robo saa, mle kashata.

Kuna mambo matatu ya pwani ambayo mwongozo wa projekta hauyataji. La kwanza, ikitolewa kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuwekwa nje, lenzi hushika ukungu na picha yote inakuwa ya maziwa. Itoeni nje dakika 45 kabla, na msiifute kwa kanga. La pili, moshi wa mishikaki ukikatiza mbele ya projekta huonekana wote, kwa hiyo jiko likae upande ambao upepo unaelekea, mbali na mwanga. La tatu ni kumbikumbi. Baada ya mvua za kwanza za vuli watakuja kwa mamia kwenye mwanga wa lenzi na kuingia kwenye feni. Washeni balbu kali mita 15 pembeni, iliyozibwa isimulike skrini, nusu saa kabla ya filamu, waende huko. Wakizidi, zimeni kwa muda. Huwa hawakai sana. Mwezi wa Aprili usiku wa uani msiufikirie kabisa, masika haina ahadi.

Sebuleni kwa TV

Kwa watu wanane au chini yake, TV inashinda, na hatuoni aibu kusema hivyo. TV ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122. Anayekaa zaidi ya mita nne hapati tena michoro midogo ya nyuma, ambayo kwenye katuni nzuri ndiyo nusu ya utamu. Hapo ndipo hesabu ya watu inapotoka: sebule ya kawaida haitoi nafasi zaidi ya nane ndani ya mita nne bila mtu kukaa ubavuni. Zaidi ya hapo inageuka kibanda umiza, joto na yote.

TV nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa kulainisha mwendo. Uzimeni. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, na katuni nyingi za kuchorwa kwa mkono hutumia mchoro mmoja kwa picha mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. TV ikijaribu kubuni picha za katikati, mikono ya wahusika huacha vivuli na mistari huyeyuka. Ondoeni pia mpangilio wa rangi kali na mchague ule wa sinema. Kwa katuni za zamani, rekebisheni umbo la picha liwe 4:3, mkubali mistari myeusi pembeni. Ikivutwa ijaze kioo, kila mhusika anakuwa mnene.

Kuhusu flashi: ikiwa imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya GB 4, na TV nyingine hazisomi mfumo wa NTFS. Jaribuni flashi ileile kwenye TV ileile siku moja kabla. Faili la maandishi ya tafsiri lipewe jina sawasawa na la filamu. Mkitegemea intaneti, filamu ya HD hula karibu GB 3 kwa saa, na zile mlizopakua ndani ya programu ya simu mara nyingi hukataa kurushwa kwenye TV.

Ndefu moja au fupi nyingi?

Uamuzi huu unabadilisha usiku kuliko kifaa mlichochagua. Filamu ndefu ya dakika 90 inadai utulivu. Aliyechelewa kutoka Chalinze amekosa mwanzo, anayekwenda kupokea simu amepoteza uzi, na kila mmoja anamuuliza jirani yake. Filamu fupi za dakika 5 hadi 12 zinafaa zaidi kwa watu wenye mengi ya kuambiana: aliyekosa moja anaiwahi inayofuata, na kila moja ikiisha kuna dakika mbili za kubishana. Pangeni nane, jumla kama dakika 65, na mapumziko ya kahawa baada ya ya nne. Ya kwanza iwe ya kuchekesha isiyo na maneno. Ile nzito, ya huzuni, iwe ya tatu au ya sita. Mkiiweka mwisho, watu wataondoka wameinamisha vichwa.

Mkitaka ndefu hata hivyo, iwe ile ya vivuli ya Lotte Reiniger, *The Adventures of Prince Achmed*, ya 1926. Ni filamu bubu, ina urefu wa kama dakika 65, na visa vyake vimetoka katika Alfu Lela Ulela ambavyo wengi wenu mlisimuliwa. Wahusika ni karatasi nyeusi zilizokatwa na kuwekwa mbele ya mwanga, kwa hiyo hata projekta dhaifu inaimudu. Uani inapendeza kuliko kwenye TV.

Lugha nayo ni kipimo. Penye watoto au wazee, maandishi ya tafsiri ya Kiingereza hayamsaidii mtu. Katuni za Kiswahili zipo, na za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam tangu 2014, zinafaa kufungulia usiku wakati watoto bado macho. Kwa filamu ya Kifaransa kama *Kirikou et la Sorcière* ya Michel Ocelot, ya 1998, mpeni mmoja wenu mwenye mdomo mwepesi kipaza sauti afanye kazi ya DJ, atafsiri papo kwa papo. Aitazame peke yake mara mbili kwanza. Jueni pia kwamba wanawake wa kijiji kwenye filamu hiyo wamechorwa vifua wazi na Kirikou mwenyewe yuko uchi. Ni picha isiyo na ubaya wowote, lakini kama mama mkwe wa mwenye nyumba amekaa mstari wa mbele, ni vizuri ajue mapema.

Mkitaka kualika mtaa

Usiku wa marafiki nyumbani ni jambo la ndani, mradi mmemweleza mwenyekiti wa mtaa kuhusu sauti na saa ya kumaliza. Mkibandika tangazo, mkafungua geti kwa umma au mkatoza kiingilio, hilo ni onyesho la hadhara. Linaangukia chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na mlango wa kubisha ni wa Bodi ya Filamu Tanzania. Mtahitaji pia ruhusa ya mwenye filamu, maana akaunti ya kulipia ya kutazamia nyumbani haiwapi haki hiyo. Watengenezaji wa filamu fupi ndio rahisi kuwapata: waandikieni moja kwa moja, mtaje siku, mahali, idadi ya watu na kama kuna kiingilio. Anzeni wiki sita kabla, kwa sababu akikubali atahitaji muda wa kuwatumia faili lililo safi, na nyinyi mtahitaji muda wa kulijaribu.